Diski na pedi za mbele: kazi ya kitambaa kabla ya nyundo

Asalaam aleikum jamani, na wenzetu Bwana asifiwe, shikamooni wazee wangu. Naona madereva wa magari ya watalii mpo, wa mashamba ya mkonge mpo, na vijana wa gereji ndo wengi kuliko wote, basi vizuri, maana leo siongelei injini, injini kila mtu hapa Tanga ni mtaalamu hata muuza kahawa, mi nataka tuongelee tairi mbili za mbele na yale masahani mawili ya chuma yanayozunguka nazo, ambayo hakuna mtu anayeyaangaliaga mpaka siku yaanze kulia.

Neno langu ni moja na nalitoa mapema ili hata atakayesinzia awe ameshalipata: kubadilisha diski, ndo hayo masahani, na pedi za mbele, vile vipande vinavyoyabana, ni kazi ya usafi kuliko kazi ya nguvu. Kufungua bolti kila mtu anafungua, akishindwa anaita mwenzie wanasaidiana na bomba refu. Lakini brashi ya waya, msasa na kitambaa kisichokuwa na mafuta, hivyo vitu vitatu ndo vinaamua kama breki itadumu au utarudi kwa fundi mwezi ujao mnatupiana lawama. Nimeona kazi nyingi za breki zimefanywa na watu wenye spana nzuri kabisa, seti kamili inang'aa, alafu diski mpya imepachikwa juu ya kutu la miaka kumi.

Na kwetu huku kutu si mchezo. Gari linalolala Raskazone au Pangani linalala na upepo wa chumvi usiku kucha, ukilisimamisha wiki mbili tu ukaja kuondoka unasikia kraaa, diski imeshavaa kutu jekundu. Ile ya juu juu haina shida, pedi inaifuta ukipiga breki mara mbili tatu. Shida ni kutu la ndani, katikati ya zile tundu za kupitishia hewa, na kutu la pale diski inapokaa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba tairi, hilo hulioni mpaka ufungue. Sasa ongeza matope. Ukitoka Muheza ukapanda Amani kipindi cha masika, ule udongo mwekundu una mchanga ndani yake, unaingia kati ya pedi na diski na kazi yake ni kusaga tu, wewe unashuka unafurahia upepo wa msituni kumbe huko chini msasa unafanya kazi. Wazee waliokuwa wanaendesha Land Rover 109 kwenye mashamba ya mkonge wanakumbuka, zile zilikuwa na drami, breki zilizofunikwa ndani ya kopo la chuma, pande zote, ukivuka mto maji yanaingia ndani ya drami yanakaa, unakanyaga breki gari linakusikiliza baada ya muda. Diski zilipokuja mbele kwenye Land Rover One Ten mwaka 1983 ilikuwa nafuu kubwa, maana diski iko wazi, maji yanaruka yenyewe. Ila kuwa wazi huko huko ndo kunaipa chumvi na mchanga njia ya kuingia.

Sasa twende kwenye joto, maana watu wanadhani breki inaisha kwa msuguano peke yake. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Mombo iko chini sana, tofauti yake inakaribia mita 1,000, na mnashuka yote hiyo ndani ya kilomita 30 na ushee kupitia Soni, kona juu ya kona, mwamba huku korongo kule. Gari la kilo 2,500 na abiria wake na mizigo likishuka mita 1,000 linaachia nguvu ya kama megajuli 24 na nusu. Hizo lazima ziende mahali. Usipotumia gia karibu zote zinakuwa joto kwenye breki, na joto hilo linatosha kuchemsha maji zaidi ya lita 70, yaani karibu ndoo nne zile za lita 20, toka maji ya kawaida mpaka yatokote. Na kwa kuwa gari likipiga breki uzito wake unalalia mbele, sehemu kubwa ya joto hilo inabebwa na diski mbili za mbele. Kwa hiyo dereva anayeshuka Soni na gia namba nne huku mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho, asije kwangu kusema pedi alizonunua ni feki. Zinaweza kuwa feki kweli, lakini yeye pia kazipika. Shusha gia, namba mbili, injini ikushikie gari, breki unapiga kwa nguvu kidogo unaachia, unapiga unaachia, zipate kupumua.

Mafuta ya breki nayo yanaingia hapa hapa. Haya ya DOT 3 na DOT 4 yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Tanga mnaijua ilivyo nzito. Viwango viko wazi: DOT 3 mpya lazima istahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kama asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka nyuzi 140. DOT 4 mpya ni 230, ikilowa ni 155. Sasa piga picha uko katikati ya mteremko, kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, imeshika moto, mafuta yana miaka sita hayajabadilishwa yamekuwa meusi kama kahawa, yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, unakanyaga pedali inaenda mpaka kwenye kapeti na gari halina habari na wewe. Alafu ukisimama nusu saa yakapoa pedali inarudi nzuri tu, fundi anakagua anakwambia mbona breki zipo! Badilisha mafuta kila miaka miwili, hata kama gari halitembei. Na tafadhali, zile habari za kuongeza maji ya sabuni kwenye kikopo cha breki, au oili ya injini eti kwa dharura, mkome kabisa. Oili inavimbisha raba zote za ndani, toka masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, mpaka kalipa, ukiweka kijiko kimoja umenunua mfumo mzima. DOT 5 ya silikoni nayo usiichanganye na hizi, ile ni kitu kingine hata kama namba zinafuatana.

Haya, utajuaje diski imefika mwisho? Usiangalie kwa macho ukasema bado nene. Kwenye diski yenyewe, pembeni au kwenye ile kofia ya katikati, kumeandikwa unene wa mwisho, kwenye Prado 120 kwa mfano ikiwa mpya ni milimita 28 na mwisho wake ni 26. Milimita mbili tu! Yaani moja kila upande, ndo maisha yote ya diski hiyo. Pima na mikromita, kama huna basi venia, lakini angalia pembeni ya diski kunabaki ukingo ambao pedi haiugusi, venia ya kawaida ukiibana juu ya ukingo itakudanganya, itasoma unene wa zamani, kwa hiyo weka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande, pima, alafu toa unene wa sarafu zote mbili. Angalia nyufa. Vijinyufa vidogo kama nywele juu juu hutokea kwenye gari linalofanya kazi ya milima, lakini ufa uliofika ukingoni, diski hiyo imekwisha hata kama bado nene. Na pedi, kitabu cha Toyota kinakuruhusu mpaka milimita moja, mi nasema ukifika tatu anza kutafuta hela, huku milimani ile moja unaimaliza safari moja ya mvua.

Swali ambalo naulizwaga kila siku, nibadilishe pedi tu diski niache? Kama diski iko juu ya kiwango, haina mifereji mikubwa wala ukingo mrefu, badilisha pedi, hakuna tatizo. Kama inakaribia mwisho usiweke pedi mpya kwenye diski inayokufa, pedi mpya iko bapa na diski imeshakuwa mabonde, zinagusana sehemu sehemu, breki inakuwa ndogo na joto linakuwa kubwa. Na kulia na kushoto vinabadilishwa pamoja, hakuna cha kusema upande mmoja bado mzima, gari litakuvuta upande mmoja siku unakwepa ng'ombe Mkinga huko.

Tunafungua sasa. Gari mahali bapa, pa ngumu, sio kwenye mchanga. Nyuma weka mawe au magogo mbele na nyuma ya tairi zote mbili, vuta hendibreki, lakini wenye Defender mnisikilize vizuri, hendibreki ya kwenu haishiki tairi, inashika propela shafti nyuma ya gia boksi ya pili, ina mlegeo mlegeo wa difu, gari linaweza kusogea kidogo hata ukiwa umeivuta mpaka mwisho, kwa hiyo mawe ni lazima. Legeza nati za tairi kabla ya kupiga jeki. Alafu jeki ikishainua, stendi chini ya ekseli au chasisi. Jeki peke yake haiaminiki, tofali la bloku ndo kabisa, lile linapasuka bila kuaga.

Mafuta kwenye kikopo yapunguze kidogo kwa sirinji kabla hujaanza kurudisha pistoni za kalipa, zile zinazosukuma pedi, la sivyo yatafurika, na yakimwagikia rangi ya gari yanaichuna. Yakidondoka mwaga maji mengi hapo hapo.

Magari yetu yamegawanyika makundi mawili na hapa ndo vijana wengi wanakwama. Kundi la kwanza ni Prado 120, 150, Hilux Vigo na ndugu zao. Haya rahisi. Unatoa kalipa, bolti mbili nyuma, diski inatoka mbele kama kofia, basi. Lakini kwenye kalipa kuna bomba la chuma linaloungana na hosi, limeshikwa na kibati kwenye nakoo, kile chuma kinachobeba habu, fungua bolti ya hicho kibati ili kalipa isogee na bomba lake, ukilazimisha unalikunja, na bomba la chuma lililokunjwa ukilinyoosha tayari lina kidonda. Kalipa ikitoka ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache inaning'inia kwenye hosi. Hosi kwa nje itaonekana nzima, ndani imechanika, ni ugonjwa ambao utautafuta miezi.

Diski isipotoka, na kwa gari la pwani haitatoka, usianze na nyundo. Angalia kwenye uso wa diski kuna tundu mbili zenye meno. Hizo hazikuwekwa kwa urembo. Unaweka bolti mbili za milimita 8, zile za spana 12, unakaza huku kidogo na kule kidogo kwa zamu, diski inasukumwa yenyewe mpaka inaachia pwa. Tundu zikiwa zimejaa kutu zisafishe kwanza, pulizia dawa ya kutu, nenda kanywe chai, rudi. Kama diski ni ya kutupa unaweza kugonga, ila gonga kwenye kofia katikati ya bolti za tairi, na ujue kwamba kila nyundo unayopiga inapokelewa na beringi iliyoko nyuma yake.

Kundi la pili ni Land Cruiser za ekseli nzima mbele, hizi za 70 na 80, na Defender. Hapo diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, haitoki mpaka habu yenyewe itoke. Na habu kutoka maana yake beringi zinatoka, grisi inatoka, sili inatoka. Wengi wakifika hapa wanasema aaa tuweke pedi tu mzee, kwa sababu kazi ya saa moja imekuwa ya siku nzima. Mimi naona ni bahati hiyo, maana ndo nafasi pekee ya kuosha beringi za mbele, na gari lililovuka maji ya Zigi au Pangani lina maji kwenye habu, nakuhakikishia ukifungua utakuta grisi imekuwa ya rangi ya maziwa.

Kwa Land Cruiser ukitoa nati za pale mbele utakuta washa za koni, zile zimebana na hazitoki kwa kuvuta. Gonga kwa nyundo ya shaba au kipande cha shaba pembeni ya mguu wa bolti, mtetemo ndo unazitoa, zinaruka zenyewe kwa hiyo weka kitambaa mbele zisipotelee kwenye majani. Ndani kuna nati kubwa mbili zimefungiwa na washa inayokunjwa kati yake. Hizo zinataka soketi yake, milimita 54 kwa Land Cruiser, 52 kwa Defender. Tafadhali tafadhali, msizifungue kwa patasi na nyundo. Najua inafanyika, naona hizo nati zikija zimeliwa kama mkate wa panya, na vipande vya chuma vilivyomeguka vimeingia kwenye beringi. Soketi hiyo hata mkichanga gereji nzima mnunue moja mtaitumia mpaka wajukuu.

Habu ikitoka, osha kila kitu. Beringi ioshe kwa petroli au mafuta ya taa mpaka uione chuma chake, ikaushe, usiizungushe kwa upepo wa kompresa ile milio mnayoipenda, inaumia. Angalia roli zake moja moja, ikiwa na doa la bluu au shimo dogo tupa pamoja na kikombe chake. Grisi mpya ikandamize kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Sili ya nyuma weka mpya, sili haina bei ya kukufanya urudie ya zamani, ikivuja grisi inamwagika moja kwa moja kwenye diski yako mpya na pedi zako mpya, na pedi iliyolowa grisi haisafishiki, inatupwa. Wakati wa kurudisha, nati ya kwanza unaikaza huku unazungusha habu huku na huku ili roli zikae, unalegeza, alafu unakaza tena kidogo sana mpaka usisikie mchezo lakini habu izunguke kwa wepesi. Kila gari lina kipimo chake kitabuni. Ukibana sana beringi inaungua, ukiacha legelege diski inacheza na pedi zinasukumwa nyuma, unakanyaga mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili ipo.

Sasa nakuja kwenye kile nilichotaka kusema tangu mwanzo. Kabla diski mpya haijakaa, ule uso wa habu inapokalia uoneni kama meza ya kulia chakula. Kuna mteja alikuja na Prado, usukani unatetemeka akipiga breki, na ilikuwa seti ya pili ya diski ndani ya muda mfupi, kila seti inakaa vizuri mwanzoni alafu mtetemo unarudi. Ameshalaumu duka, ameshalaumu China, alikuwa anataka aagize Ulaya. Tukatoa diski, ukipitisha kidole kwenye habu unasikia magamba ya kutu, karibu na bolti mbili za tairi. Hayo magamba hayakuwa mazito kuliko karatasi. Lakini diski haitakiwi kuyumba zaidi ya kama sehemu tano mpaka saba za mia za milimita, karatasi moja tu ya kawaida inafika kumi.

Na kwa nini haikutetemeka siku ya kwanza? Hapo ndo watu wanapotea. Diski iliyokaa upande ikizunguka inagusa pedi sehemu moja kila mzunguko, hata kama hujakanyaga breki. Inagusa, inalika kidogo, inagusa, inalika. Kilomita elfu mbili, elfu tatu, pale pamekuwa pembamba kuliko kwingine, na hapo sasa ukikanyaga pedali inakupiga mguu. Fundi anasema diski imepinda kwa joto. Haijapinda, imelika visivyo sawa, na sababu iliwekwa siku ile ya kufunga. Kufunga diski mpya juu ya kutu ni sawa na kutandika mkeka juu ya kokoto, ubora wa mkeka hausaidii. Tulisugua habu kwa brashi ya waya, tukamaliza kwa msasa, tukazunguka kila bolti ya tairi moja moja kwa sababu huko chini ya bolti ndo kutu linajificha, tukafuta, tukaweka diski.

Diski mpya nayo inakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe na dawa ya kusafishia breki, kama huna osha kwa maji ya moto na sabuni ukaushe vizuri. Petroli ya kituoni inaacha utando, mi siipendi kwa hilo. Ukishaiosha usiishike usoni na mikono yenye grisi, ishike pembeni kama picha ya harusi. Yule anayefungua beringi na anayeshika pedi wasiwe mtu mmoja, au anawe kwanza. Na lile vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kompresa, pedi za zamani zilikuwa na asbestosi na hujui ile uliyoikuta ilitoka wapi, lowesha, futa, basi.

Kalipa. Prado 120 na 150, Land Cruiser 80 na Defender zina pistoni nne, mbili kila upande, kalipa yenyewe haitembei. Ukisukuma moja ndani nyingine inatoka kwa hiyo zisukume pamoja, taratibu, kwa pedi ya zamani na klampu, sio kwa bisibisi kubwa. Kabla ya kusukuma legeza nipo, ile bolti ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, chomeka kimpira kiende kwenye chupa, yale mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi juu kwenye ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga, na nipo ifunge kabla hujaachia klampu isije ikavuta hewa. Pistoni ikigoma ujue ina kutu, angalia raba yake ya nje imechanika, hapo nunua seti ya kutengenezea kalipa. Kwenye Pajero nyingi na Patrol kalipa inatembea juu ya pini, zile pini zitoe, zifute, zipake grisi ya breki ya raba, isiwe ile ya beringi. Pini ikikwama pedi ya ndani inaisha yote na ya nje inabaki mpya, ukiona hivyo tu usilaumu pedi.

Pedi mpya kwa hapa mjini zipo maduka ya Ngamiani, na Kariakoo kwa wanaoagiza. Feki zinazidi kuwa nzuri kwa macho sisemi uongo, lakini angalia ukingo pale dawa ilipogandishwa kwenye bati, ikiwa na mwanya au inamegeka kwa kucha, rudisha. Vile vibati vya nyuma na springi zake virudishe vyote, kuna watu wanavitupa eti vinapiga kelele, kumbe vimewekwa kuzuia kelele.

Bolti za kalipa kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Prado 120 ni nyutonimita 123, tairi 112, gari lako lingine angalia kitabu chake. Nati za tairi zikazwe kwa kurukana, sio mduara, na ile bunduki ya upepo iishie kusogeza nati tu, kukaza kwa bunduki bila mpangilio kunavuta diski upande mmoja na kazi yote ya msasa umeiharibu dakika ya mwisho.

Kaka mmoja hapo ameuliza kuchonga diski kwenye mashine. Inawezekana, kama baada ya kuchonga bado iko juu ya kile kiwango kilichoandikwa. Kwa diski ya milimita mbili za maisha mara nyingi ukimaliza kuchonga umeshafika mwisho, umelipa fundi wa mashine uweke diski nyembamba inayopata moto haraka. Kwa gari la mjini tupu labda, kwa gari la Lushoto nunua mpya.

Kutoa upepo, kama hukufungua hosi si lazima, ila mi nashauri mtumie nafasi hiyo kubadilisha mafuta yote, mnaanza na tairi ya mbali na masta silinda mnakuja karibu, kikopo kisikauke katikati ya kazi. Prado zenye pampu ya umeme ya breki zina utaratibu wake, swichi inawashwa, pampu inasukuma yenyewe nyuma, someni kwanza kabla hamjagusa.

Alafu, kabla gari halijasogea hata hatua moja, ingia kanyaga pedali. Itashuka chini, usiogope, pistoni zilirudishwa nyuma zinatafuta pedi. Kanyaga mpaka iwe ngumu. Gari linaloondolewa gereji bila kufanya hivi linaenda kusimama kwenye ukuta wa jirani. Angalia kikopo, ongeza mafuta mpaka alama ya juu.

Mwisho ni kuzizoesha. Nenda barabara iliyonyooka isiyo na watu, ya Horohoro asubuhi mapema inafaa, fika spidi 60, punguza kwa breki ya wastani mpaka 10, usisimame kabisa, ongeza tena, kama mara nane mpaka kumi. Utasikia harufu, ni kawaida. Alafu endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki zipoe, na usije ukasimama kwenye taa ukiwa umekanyaga diski ikiwa ya moto, pedi inaacha chapa yake pale pale. Ukirudi sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kugusa, joto lilingane kulia na kushoto, upande mmoja ukiwa wa moto sana kuna pistoni au pini imekwama, rudi ufungue. Baada ya kama kilomita 100 pitia nati za tairi tena kwa toki renchi, na wenye Land Cruiser na Defender pigeni jeki mbele, shikeni tairi juu na chini mtikise, msikie kama beringi imeachia.